Ushauri: Mtaa umechangisha pesa za mtaro, umeishia katikati na masika yanakaribia. Tuanzie wapi?

Bonde la Chini

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya serikali za mitaa, na mafundi pia, maana suala lenyewe lina pande mbili na zote zimetukwamisha.

Tuko kwenye mji mdogo wenye halmashauri ya mji. Mtaa wetu uko bondeni, chini ya soko. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kutoka sokoni na kwenye barabara ya vumbi, yanapita kwenye viwanja vya watu mpaka korongoni. Mwaka jana uongozi wa mtaa ulitangaza kila kaya ichange 20,000 ili ujengwe mtaro wa mawe wa mita 200 hivi. Kaya ziko kama 300, na kwa kukisia zaidi ya nusu zimelipa. Pesa zilikusanywa nyumba kwa nyumba na mabalozi pamoja na vijana wawili, majina yakaandikwa kwenye daftari. Stakabadhi hakuna.

Kazi ilianzia juu, sokoni. Zimejengwa kama mita 60 za mawe, nyingine 60 zimechimbwa tu, kisha kazi ikasimama katikati ya makazi. Vuli ilipopiga, maji ambayo zamani yalikuwa yakitawanyika sasa yanakuja kwa pamoja na kumwagwa pale mtaro ulipoishia. Kuna nyumba tatu ambazo msingi umeanza kuliwa.

Mkutano wa mtaa wa kusoma mapato na matumizi haujaitishwa. Na sasa ukienda kuomba barua ya utambulisho, ya NIDA au ya benki, unaambiwa kwanza uonyeshe kama ulichanga.

Ninachouliza: mchango huu ni lazima kisheria? Hesabu tunazidai kwa nani na kwa njia gani? Mtaro kama huu ni kazi ya nani hasa? Na kabla ya Machi tufanye nini ili nyumba zile zisianguke? Hatutaki ugomvi, viongozi wenyewe ni majirani zetu. Natanguliza shukrani.

Mzalendo Tosha

Pole sana mkuu. Hapo msihangaike, hiyo ni rushwa ya wazi. Pigeni 113 TAKUKURU, ni bure, halafu wachache wenu waende kwa Mkuu wa Wilaya. Mita 60 kwa pesa za kaya zaidi ya 150? Zimeliwa.

Kikao Halali

Mleta uzi, TAKUKURU ipo na ina kazi yake, ila usianze nayo. Ukifika pale utaulizwa vielelezo, na kwa maelezo yako huna hata karatasi moja mkononi. Lalamiko lisilo na karatasi hukaa kwenye faili, na huku mtaani mnabaki mmevunjiana heshima.

Kwanza jua uko chini ya sheria ipi. Halmashauri ya mji, kama Korogwe, Makambako au Masasi, iko chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, na ngazi ya chini kabisa ni mtaa. Miji mingine midogo iko ndani ya halmashauri ya wilaya, chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka huohuo, na huko utakuta vijiji na vitongoji. Watu huchanganya hapa na ndiyo maana hupewa majibu yasiyowahusu. Kijiji kilichosajiliwa kina halmashauri yake, na kinaweza kutunga sheria ndogo ikipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa hauna uwezo huo. Sheria ndogo za mji hutungwa na halmashauri ya mji.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: mtaa hauwezi kutoza kitu cha lazima. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Mlichonacho ni mchango wa hiari uliotokana na makubaliano ya mkutano. Makubaliano hayo yana uzito wa kijamii, na mtu mzima akiahidi achange, lakini hayawezi kugeuzwa kuwa sharti la kupata huduma ya serikali. Barua ya utambulisho inathibitisha jambo moja tu, kwamba wewe ni mkazi wa pale. Kumnyima mtu barua kwa sababu hajachanga mtaro ni kumnyima haki yake.

Mabalozi nao: balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Anaweza kuhamasisha watu, lakini kupokea pesa ya shughuli ya serikali ya mtaa si kazi yake, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Sasa njia. Msipeleke malalamiko yote kwa mtu mmoja. Mwenyekiti na wajumbe wake watano wa kamati ya mtaa mliwachagua Novemba 2024. Wanawajibika kwa mkutano wa wakazi. Afisa Mtendaji wa Mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri na ndiye katibu wa vikao; bosi wake ni Mtendaji wa Kata na juu yake Mkurugenzi wa Mji. Suala la barua za utambulisho lipeleke kwa Mtendaji wa Kata kwa maandishi. Suala la pesa lipeleke kwenye mkutano wa mtaa. Mkiyachanganya, kila mmoja atamsukumia mwenzake.

Kwenye pesa, dai karatasi nne. Muhtasari wa mkutano uliopitisha mchango, pamoja na orodha ya mahudhurio yenye saini. Makisio ya gharama, yenye jina na saini ya mhandisi au fundi sanifu aliyeyaandaa. Daftari la wachangiaji likiambatana na taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha pesa zilikaa wapi. Na nyaraka za matumizi, yaani risiti za EFD (za mashine ya kodi) za vifaa, makubaliano na fundi, na orodha ya malipo ya vibarua. Ikionekana pesa zilikaa kwa mtu mmoja binafsi, hilo ni kosa la utaratibu hata kama kila shilingi imeingia kwenye mawe.

Msiende mkisema "mmekula". Nendeni mkisema "tunaomba taarifa". Neno la pili mtu hawezi kulikataa akabaki na sababu.

Bonde la Chini

Asante sana Kikao Halali. Nifafanue: mkutano wa kutangaza mchango ulifanyika uwanja wa shule, watu walikuwa wengi, ila sina hakika kama mahudhurio yalisainiwa. Makisio hatukuonyeshwa. Kiwango cha 20,000 kilitamkwa tu, wakapiga makofi wachache, ikapita.

JiweNaSaruji

Nijibu upande wa ufundi, kisha muone kama hizo pesa zinaelezeka.

Chukua mtaro wa kawaida wa mawe: upana wa ndani sentimita 60, kina 60, kuta unene wa 30 kila upande, na chini zege la sentimita 10 lenye upana wa mita 1.2 ili kuta zikae juu yake. Kwa mita moja ya urefu, kuta ni mita za ujazo 0.36 na zege la chini ni 0.12. Kuta za mawe kwa mchanganyiko wa moja kwa nne zinakula karibu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa mita. Zege la chini linakula nusu mfuko au zaidi kidogo, inategemea nguvu ya mchanganyiko. Ongeza ya kuziba viungo. Weka mifuko 1.6 kwa mita. Mawe mita za ujazo 0.47 kwa sababu yakirundikwa yana nafasi katikati, mchanga 0.2, kokoto 0.1.

Sasa zidisha kwa mita 200. Mifuko 320. Mfuko ukiuzwa kwa mfano 17,000, saruji peke yake ni 5,440,000. Kaya 300 zote zikilipa 20,000 ni 6,000,000. Hapo bado mawe karibu mita za ujazo 94, mchanga 40, kokoto 20, fundi na vibarua. Maana yake ni kwamba hata kama kila mtu angelipa na hakuna aliyegusa senti, mtaro huu usingefika korongoni. Kiwango kilitamkwa bila kupigiwa hesabu. Na kwa makusanyo ya nusu, mita 60 zilizojengwa pamoja na uchimbaji si jambo la kushangaza.

Sisemi hakuna kilichopotea. Nasema msiapie kitu kabla ya kupima. Na kupima ni rahisi:

Nendeni na futi ya mita 30, mpime urefu halisi uliojengwa, si wa kukisia. Pimeni unene wa ukuta sehemu tatu tofauti. Chokoeni sehemu moja chini ya maji yanapopita, muone kama zege la chini lipo kweli na lina unene gani. Ikiwa ni mita 60 za vipimo nilivyotaja, saruji inayostahili ni mifuko 96, na kwa upotevu wa kawaida hata 105 inakubalika. Risiti zikisema mifuko 180, hapo mna swali la kuuliza lenye namba. Kuta zikiwa na unene wa 20 badala ya 30, swali linabadilika tena, kwa sababu mawe na saruji ya kuta vilitakiwa vipungue kwa theluthi.

Kosa kubwa la kitaalamu lakini ni jingine. Mtaro hauanzwi juu. Unaanzwa pale maji yanapoishia, yaani korongoni, mnapanda nao kuelekea sokoni. Ukianzia chini, kila mita unayomaliza ina njia ya kutoa maji hata pesa zikiisha njiani. Ukianzia juu, unakusanya maji ya eneo zima na kuyaelekeza kwenye nyumba ya mtu. Ndicho kilichowapata.

Mzalendo Tosha

Hesabu hizo sikuwa nimezifikiria, nimezielewa. Basi waitishwe waeleze. Ila mkutano wenyewe hawauitishi, mtawalazimishaje?

Kikao Halali

Mapato na matumizi hutakiwa kusomwa kwa wananchi angalau kila robo mwaka, na muhtasari unapelekwa kwa Mtendaji wa Kata. Wakiwa hawajauitisha, wakazi waandike barua ya kuuomba. Iandikwe kwa adabu, ipite nyumba kwa nyumba, kila mmoja aandike jina lake, nyumba anayokaa na saini. Usikusanye saini za wapinzani wa mwenyekiti tu. Pata na za wale waliomchagua, na hasa za wenye nyumba zile tatu. Barua iwe fupi. Mfano:

*Mwenyekiti wa Mtaa,*
*K.K. Afisa Mtendaji wa Mtaa.*

*YAH: OMBI LA MKUTANO WA WAKAZI NA TAARIFA YA MCHANGO WA MTARO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi tuliosaini hapa chini tunaomba uitishwe mkutano wa wakazi wote ndani ya siku 14 ili tupokee: (a) muhtasari wa mkutano uliopitisha mchango, (b) makisio ya gharama, (c) jumla ya makusanyo na mahali yalipohifadhiwa, (d) matumizi pamoja na risiti, (e) mpango wa kuondoa maji kwenye nyumba zilizo hatarini kabla ya masika.*

*Ombi hili tunalitoa pia kwa kuzingatia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016.*

*Nakala: Mtendaji wa Kata, Diwani, Mkurugenzi wa Mji, Meneja wa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) wa Wilaya.*

Sheria hiyo ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Ndiyo maana tarehe ni kitu kikubwa. Chapisha nakala mbili, moja unaacha, nyingine inagongwa muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, unarudi nayo. Hiyo nakala yenye muhuri ndiyo kielelezo chenu kwa kila ofisi mtakayokwenda baadaye, TAKUKURU ikiwemo.

Barabara za Ndani

Naona wote mmegusa mtaa na hakuna aliyejibu swali la tatu: mtaro ni wa nani. Hili ndilo lingewaokolea pesa tangu mwanzo.

Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu ilipoanza kazi Julai 2017. Zamani ilikuwa halmashauri, na wazee wengi bado wanakwenda kwa mhandisi wa mji wakidhani barabara ni zake. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Mtaro unaopokea maji ya barabara ni sehemu ya barabara. Kwa hiyo fuateni maji mpaka yanapoanzia. Kama mengi yanatoka kwenye barabara ya vumbi mliyoitaja, na barabara hiyo imo kwenye orodha ya TARURA, basi mtaro wa pembeni yake ni kazi yao. Kama yanatoka kwenye kalavati la barabara kuu, barua iende kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa. Mengine ni maji ya soko, na soko ni la halmashauri.

Nendeni ofisi ya TARURA ya wilaya mkaulize jambo moja: barabara hii imo kwenye orodha yenu, na ina jina gani au namba gani? Mkishapata, iandikeni kwenye barua zote. Barua inayosema "barabara ya kwetu inatutesa" haimpi mtu pa kuishika. Barua yenye jina la barabara, urefu wa eneo lenye tatizo, picha nne zenye tarehe na idadi ya nyumba zilizo hatarini inaweza kuambatanishwa kwenye maombi ya matengenezo ya dharura.

Angalizo: kuchimba au kujenga ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali kunaweza kuwarudia. Mnaweza kujenga kwa pesa zenu, halafu barabara ikitanuliwa mtaro ukavunjwa bila fidia. Na kama mtaro unavuka barabara, msilaze bomba wenyewe. Kalavati dogo kuliko milimita 600 haliingii mtu wala chepeo kulisafisha, likizibwa na matope limekufa, na barabara inakatika juu yake.

Kuhusu wakati: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai Mosi, na bajeti inaandaliwa miezi hii hii. Kamati ya Maendeleo ya Kata (WDC) ndiyo mlango. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Ombi lenu lisipoandikwa kwenye muhtasari wa WDC, huko juu halipo. Muulizeni diwani kikao kijacho ni lini na mwenyekiti wenu aende na makisio mkononi. Hapa mnamhitaji mwenyekiti huyo huyo, kwa hiyo mkutano wenu usiishie kumfedhehesha.

Mama Gengeni

Jamani, na taka? Mtaro unaoanzia sokoni bila kushughulikia taka za soko ni wa msimu mmoja. Maganda ya ndizi, majani ya mahindi, mifuko ya plastiki na nyanya zilizooza vyote vinafagiliwa jioni kuelekea kwenye mtaro kwa sababu ndio uliopo karibu. Tazameni pale mwanzo wa mtaro wenu muone kama hapajaanza kujaa.

Halmashauri inakusanya ushuru sokoni kila siku kwa mashine za POS. Kwa hiyo kuondoa taka na maji ya soko ni wajibu wake, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa kazi ya taka ngumu. Kamati ya soko iandike barua yake tofauti, isisubiri ya mtaa. Waombe mambo matatu: kizimba cha taka kihamishwe mbali na mdomo wa mtaro, ratiba ya gari la taka ibandikwe, na pale maji yanapoingia mtaroni uwekwe wavu wa nondo. Nondo za milimita 12 zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita 5 zinashika mifuko na maganda, maji yanapita. Ila wavu una masharti: lazima awepo mtu aliyetajwa kwa jina wa kuusafisha, kila siku ya soko jioni na kabla ya mvua. Wavu usiosafishwa unageuka kuwa bwawa na maji yanaruka pembeni.

Halafu vifuniko. Watu wakishaona mtaro mbele ya nyumba humwaga zege juu ili wapite na pikipiki. Akishafunika mita nne kwa zege la moja kwa moja, hakuna wa kusafisha chini yake. Mkutano upitishe kabisa: anayetaka kivuko aweke vifuniko vya kuinuliwa.

Bonde la Chini

Mmenifungua macho. Nimekwenda leo na mwenzangu tukapima: mita zilizojengwa ni 57, kuta ni za unene wa 30 karibu kote, zege la chini lipo. Barabara imo kwenye orodha ya TARURA, tumepewa na namba yake. Barua tumeanza kuzungusha.

Lakini bado hizo nyumba tatu. Hata barua zikienda haraka, TARURA hawatajenga kabla ya Machi. Tumebakiza mita kama 80 mpaka korongoni. JiweNaSaruji, kuna cha kufanya kwa nguvu zetu?

JiweNaSaruji

Kipo, na hakihitaji saruji. Chimbeni njia ya udongo kutoka korongoni kupanda juu mpaka ikutane na ile iliyochimbwa. Upana wa chini sentimita 60, wa juu mita 1.2, kina 70. Kuta ziwe zimelala, zisisimame wima, maana udongo uliosimama wima huporomoka mvua ya kwanza. Kwa mita 80 ni karibu mita za ujazo 50 za udongo. Mtu mmoja kwenye udongo wa kawaida anachimba na kutoa mbili mpaka tatu kwa siku, kwa hiyo watu 20 hadi 25 wanaimaliza kwa msaragambo (kazi ya pamoja ya kujitolea) wa Jumamosi moja, wakiwa na majembe, sururu na makoleo ya kutosha. Panga watu kwa vipande vya mita nne nne na kila kipande kiwe na kigingi chenye alama ya kina, la sivyo mtapata mtaro wenye mabonde ndani yake.

Kabla ya jembe la kwanza, mambo mawili.

La kwanza, njia inapita viwanja vya nani? Nendeni idara ya ardhi ya halmashauri muangalie mchoro wa mipango miji, mara nyingi njia ya maji imechorwa humo tangu viwanja vilipopimwa. Ikiwa haimo na mtapita kwenye kiwanja cha mtu, pateni ridhaa yake kwa maandishi mbele ya mtendaji, ikitaja upana wa njia. Ridhaa ya mdomo hubadilika siku ukuta wake ukipata ufa. Ulizeni pia mamlaka ya maji mabomba yamepita wapi.

La pili, mteremko. Tumieni mpira wa maji unaoonyesha, wa mita 15, uliojazwa maji bila mapovu. Simamisheni vigingi viwili umbali wa mita 10, shikeni ncha za mpira kila mmoja kwenye kigingi chake, maji yakitulia wekeni alama. Alama hizo mbili ziko usawa mmoja. Kutoka kwenye alama pimeni kwenda chini, na kigingi cha upande wa korongo kizidi kwa sentimita 10. Hapo mna mteremko wa moja kwa mia, unaotosha kusukuma mchanga bila kula udongo. Ukishuka chini ya sentimita 5 kwa mita 10, matope yatakaa. Ardhi yenyewe ikishuka kwa zaidi ya sentimita 30 kwa mita 10, maji yatachimba, na hapo wekeni ngazi za mawe makubwa, kila moja ikishusha maji sentimita 20 hivi, na chini ya ngazi pangeni mawe maji yanapoangukia.

Sehemu inayosahaulika ni mdomo wa korongoni. Maji yakiangukia udongo mtupu pale, korongo linaanza kurudi nyuma, linakula mtaro wenu kidogo kidogo kuelekea kwenye nyumba. Pangeni mawe yaliyobanana kwa urefu wa mita mbili mpaka chini kabisa ya korongo. Kama kuna pesa yoyote iliyobaki, iende hapo kabla ya kwingine.

Udongo mnaotoa uwekwe nusu mita kutoka ukingoni au zaidi, upande wa nyumba, mkaushindilie uwe tuta. Ukiachwa ukingoni unarudi wote ndani. Kuta za mtaro zipandwe nyasi za ukoka.

Mpaka siku hiyo ya kuchimba, fungeni mdomo wa juu wa mtaro kwa viroba vya mchanga ili maji yatawanyike kama zamani, kwa sababu kwa sasa mtaro ndio unaoyapeleka kwenye misingi ya watu. Viroba vijazwe theluthi mbili tu, vifungwe, vipangwe kama tofali kwa kupishana viungo. Kiroba kilichojaa hadi mdomo hakilali, kinaacha matundu. Na muwaarifu wenye nyumba wa pembeni kabla ya kufunga.

Siku ikipatikana ya kujenga kwa mawe, mwambieni fundi aache matundu ya kutolea maji ya ardhini kwenye kuta, bomba la inchi mbili kila mita moja na nusu. Bondeni kama kwenu, ukuta usio na matundu husukumwa na maji ya nyuma yake mpaka unalala.

Kikao Halali

Niongeze kwenye huo msaragambo: usifanyike kimyakimya kama kundi la waliosusa. Uitishwe na mwenyekiti mwenyewe, uandikwe kwenye muhtasari kama nguvu za wananchi, na idadi ya watu na saa walizofanya kazi iandikwe. Mkienda WDC kuomba TARURA au halmashauri wamalizie kwa mawe, uchimbaji wa mita 80 uliokwishafanyika ni mchango wenu unaohesabika. Na kuanzia sasa, mchango wowote mpya upokewe na mtu mmoja aliyetajwa na mkutano, ukiingia benki kwenye akaunti yenye watia saini wasiopungua wawili, na kila mchangiaji apate karatasi yenye namba.

Bonde la Chini

Tumekubaliana na mwenyekiti, yeye mwenyewe ameomba apewe vipimo vya JiweNaSaruji. Ila mtendaji ameikataa barua, anasema haipokei mpaka tuondoe kipengele cha risiti. Tunafanyaje?

Kikao Halali

Msiondoe kitu. Ipelekeni hiyo hiyo kwa Mtendaji wa Kata, na nakala ya Mkurugenzi ipelekeni masijala ya halmashauri. Masijala wanapokea kila barua, wanaigonga muhuri na kuipa namba ya kumbukumbu. Iandikeni namba hiyo. Ya mtendaji wa mtaa itumeni kwa rejesta kupitia Posta, risiti ya Posta muiambatanishe na nakala yenu. Siku 30 mzihesabu kuanzia tarehe ya muhuri wa masijala. Zikipita bila jibu, mnamwandikia Mkurugenzi, kama mkuu wa taasisi, kumwomba apitie upya suala hilo, na hapo ndipo nakala moja iende TAKUKURU, ikiwa na vipimo vyenu vya mita 57 juu yake.

Barabara za Ndani

Na picha za zile nyumba tatu zipigwe leo, kabla mvua nyingine haijanyesha, mkiweka futi kwenye msingi ionekane umeliwa sentimita ngapi. Pigeni tena baada ya kila mvua kubwa, palepale. TARURA wakija kukagua wataomba hizo.